Jinsi ya Kujiandaa kwa Mtihani wa Nadharia ya Udereva

Wanagenzi wengi wa udereva hapa Kisumu huuona mtihani wa nadharia kuwa kizingiti kidogo kabla ya jambo lenyewe, yaani kushika usukani. Hulipa karo, hungoja kwa hamu zamu yao ya kuendesha, na kijitabu cha kanuni za barabarani hukifungua juma la mwisho wakianza kukariri alama moja baada ya nyingine. Mimi nilijifunza udereva mjini humu nikiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto, na tangu nipate leseni nimewasaidia wadogo zangu na binamu kadhaa kujiandaa kwa mtihani uo huo. Kutokana na hayo nimefikia imani moja: anachotaka kusikia mtahini ni sababu. Anataka umweleze, kwa sauti na bila kuyumba, ni nani mwenye haki ya kupita mahali fulani na kwa nini ni yeye. Aliyekariri hujibu maswali aliyokwisha kuyaona, lakini anayejua sababu hujibu hata lile analoulizwa kwa mara ya kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona, mtihani huu husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani, NTSA, na sehemu yake kubwa hufanywa kwa mdomo mbele ya ubao wa mji. Ubao huo ni meza pana iliyochorwa barabara, mizunguko, njia panda, vivuko vya waenda kwa miguu na maegesho, pamoja na majengo kama hospitali na soko. Unapewa kigari kidogo na kuamriwa, kwa mfano, ukitoe kwenye maegesho ya hospitali na kukifikisha sokoni, huku ukitaja kila unachokifanya: unatazama vioo, unawasha indiketa, unachagua njia, unasimama, unampisha nani. Baada ya hapo huulizwa alama za barabarani na maswali mengine ya kanuni, kisha hupelekwa kwenye gari.

Ubao ndio unaowashinda watu wengi, nami nitaueleza kwa kirefu. Ugumu wa kwanza unatokana na macho. Ukiwa ndani ya gari, kushoto kwako na kushoto kwa gari ni kumoja, lakini ukisimama kando ya ubao huku kigari kikija upande wako, kushoto kwa kigari kumekuwa kulia kwako. Hapo ndipo mwanagenzi anayejua vizuri kabisa kwamba Kenya tunaendesha upande wa kushoto hujikuta amekipeleka kigari upande wa kulia, na mtahini anaandika. Dawa yake ni kuzoeza akili kuketi ndani ya kigari. Nyumbani chora barabara kwenye kadibodi, chukua kigari cha mtoto au hata kisanduku cha kiberiti ulichokiwekea alama ya mbele, kisha kiendeshe kutoka pande zote nne bila wewe kuhama unaposimama. Kabla ya kila kona sema, "Mkono wa kushoto wa dereva uko huku." Mazoezi haya hayagharimu chochote, na sijaona yanayosaidia zaidi.

Ugumu wa pili ni kwamba ubao utakaoukuta siku ya mtihani unaweza kutofautiana na ule wa shule yako. Mwanagenzi aliyekariri kwamba kutoka hospitali unapinda kushoto mara mbili hana la kufanya hospitali ikiwa upande mwingine. Kwa hiyo usijifunze safari, jifunze maamuzi. Chukua mfano wa kupinda kulia. Ukiwa kwenye barabara ya pande mbili, unasogea karibu na mstari wa katikati, unawapisha wanaokuja kutoka mbele, kisha unapinda, kwa sababu upande wa pili wa mstari huo si wako. Ukiwa kwenye barabara ya njia moja, hakuna anayetoka mbele, basi unakwenda hadi ukingo wa kulia kabisa na kupinda kutoka hapo. Mwenye kuielewa sababu hahitaji kukumbuka kanuni mbili tofauti. Maegesho nayo yana mantiki yake: huegeshi karibu na njia panda, juu ya kivuko, darajani wala kwenye kona, kwa kuwa katika sehemu zote hizo gari lako linamzibia mwenzako asione linalokuja.

Mzunguko unastahili siku nzima ya masomo yako. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari huuzunguka mzunguko kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na kwa hiyo gari lililokwisha kuingia litakufikia kutoka kulia. Ndiyo maana unampisha wa kulia. Anayepinda kushoto hukaa njia ya kushoto na kuwasha indiketa ya kushoto tangu mapema. Anayekwenda moja kwa moja hukaa njia ya kushoto, isipokuwa kama mishale iliyochorwa barabarani inaelekeza vingine, naye huwasha indiketa ya kushoto baada ya kuipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yake. Anayepinda kulia huingia kwa njia ya kulia akiwa na indiketa ya kulia, kisha huibadilisha kuwa ya kushoto anapokaribia kutoka, baada ya kutazama kioo. Nenda kwenye mzunguko wa Kisumu Boys, usimame mahali salama pa waenda kwa miguu, uchague gari moja moja na kujisemea lilipaswa kufanya nini. Utaona matatu inayotoka kulia kabisa na kukata mbele ya wengine ili iwahi abiria, utaona bodaboda akizunguka kinyume, utaona tuktuk isiyo na indiketa hata moja. Makosa hayo ni darasa, mradi kila mara ujiulize ni kanuni gani iliyovunjwa na nani aliyehatarishwa.

Nasisitiza mizunguko kwa uchungu pia. Agosti 2025, basi lililobeba waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, katika barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Ninapompa mtu ushauri huu humkumbusha kwamba ile sentensi fupi anayoisema mbele ya ubao, "Ninapunguza mwendo ninapokaribia mzunguko," si ya kumfurahisha mtahini.

Kuhusu alama za barabarani, anza na maumbo kabla ya picha. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inaonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza. Duara la buluu linaamuru. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha ikiwa chini, inakutaka umpishe mwenye barabara kubwa, na alama ya pembe nane inakutaka usimame kabisa, magurudumu yatulie, hata kama hakuna gari unaloliona. Alama hizi mbili za mwisho zina maumbo ya peke yake ili dereva azitambue hata zikiwa zimefunikwa na vumbi au akiziona kwa nyuma. Ukiyashika maumbo, hata picha usiyoikumbuka utaweza angalau kusema kama ni onyo, katazo au amri, na jibu hilo ni bora kuliko kunyamaza. Pia ujiandae kwa swali la mahali pasipo na alama, kwa sababu ndivyo barabara zetu zilivyo: alama nyingi zimeng'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Barabara ndogo huipisha kubwa, iwe kuna kibao au hakuna. Na mstari wa katikati usiokatika upande wako unakukataza kulipita gari lililo mbele, haijalishi gari hilo linatambaa vipi.

Mwendo nao huulizwa. Mjini na katika vituo vya biashara kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Magari ya abiria na ya mizigo hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na wengi wetu tunazikumbuka kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 wakati wa waziri wa uchukuzi John Michuki, zilizoleta vidhibiti mwendo na mikanda katika matatu. Usiishie kuzitaja nambari, bali zigeuze ziwe umbali. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapita karibu mita 14 kila sekunde. Likienda 80 linapita mita 22. Ukiacha nafasi ya sekunde mbili kati yako na gari la mbele ukiwa kwenye mwendo huo wa 80, umejiachia takribani mita 44, na mvua yetu ya jioni inaponyesha nafasi hiyo iongezwe mara mbili. Mtahini akikuuliza kwa nini huruhusiwi kumfuata mtu kwa karibu, mpe hesabu hiyo.

Vivyo hivyo na mteremko. Wanaopanda kilima cha Riat, nje ya Kisumu, kwenda Kiboswa wanaujua mteremko ule wanaporudi Mamboleo: gari linataka kukimbia lenyewe. Jibu sahihi la mtihani ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini isaidie kulizuia gari, kwa sababu breki zinazokanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza nguvu. Kuteremka gia ikiwa huru, jambo ambalo baadhi ya madereva wa malori wamelifanya miaka mingi pale Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, ili kuokoa mafuta, ni kujinyima msaada huo wa injini wakati ule ule unapouhitaji.

Neno moja kuhusu simu. Vijana wengi hujifunza kwa video, na video nyingi zinazojitokeza kwanza zimetengenezwa Marekani, ambako huendeshwa upande wa kulia, mzunguko huzungukwa kinyume na wetu, na alama za onyo ni za manjano zenye umbo la almasi. Mtu anayezitazama usiku na kusimama mbele ya ubao wetu asubuhi anabeba sheria za nchi mbili kichwani. Ikiwa ni lazima ujifunze kwa video, tafuta za Kenya au angalau za Uingereza, ambako pia huendeshwa kushoto.

Baada ya kusoma, sema. Mtihani huu ni wa mdomo, na kusoma kimya hakukuandai kuzungumza mbele ya mgeni aliyevaa sare huku wenzako wakikusikiliza. Mdogo wangu alinitaka niwe mtahini wake kila jioni, nami nilimkatiza makusudi katikati ya maelezo na kumuuliza, "Kwa nini?" Mwanzoni alikasirika. Baadaye alianza kuitaja sababu kabla sijamuuliza, nami nikajua yuko tayari. Ukiwa abiria kwenye matatu ya Kondele, jisemee kimyakimya kile ambacho dereva angepaswa kukitangaza: kivuko kile mbele, mwenda kwa miguu amekwisha kukanyaga, tunasimama, sauti ya ambulensi nyuma, tunasogea kushoto na kuiachia njia. Siku ya mtihani, kama hukusikia swali, mwombe mtahini kwa heshima alirudie. Ukibaini kuwa umekosea njia kwenye ubao, sema wazi kwamba unarekebisha, kisha urekebishe kwa kufuata sheria. Usikinyanyue kigari na kukiweka kwingine, maana gari la kweli halinyanyuliwi.

Stakabadhi ni jambo fupi lakini limewarudisha watu nyumbani. Hakikisha leseni yako ya muda haijaisha, majina yake yanalingana na ya kitambulisho, na daraja lililoandikwa ndilo unalotaka, kwa kuwa anayetahiniwa kwa gari la otomatiki hapewi ruhusa ya kuendesha lenye klachi. Fika mapema, ukiwa umekula, na usikubali mtu yeyote akuambie kwamba kuna pesa ya kando itakayokupitisha. Ninalisema hili kwa uzito, kwa sababu leseni ya namna hiyo humweka barabarani mtu asiyejua kumpisha mtoto wa shule.

Swali ambalo wengi hulidharau ni lile la ukaguzi wa gari kabla ya safari. Jifunze kuutaja ukilizunguka gari la kweli, si kitabuni: mafuta, oili, maji ya kupozea injini, betri na taa zote, magurudumu na upepo wake pamoja na gurudumu la akiba, kisha pembetatu mbili za kuakisi mwanga ambazo wengi huziita laifseva, na herufi L nyekundu kwenye kibao cheupe mbele na nyuma. Ukimaliza ubao na kuitwa garini, mpangilio huo huo unaendelea: rekebisha kiti hadi miguu ifikie pedali vizuri, weka vioo sawa, funga mkanda, hakikisha gia iko huru, washa injini, tazama kioo cha kulia na juu ya bega, washa indiketa, kisha ondoka. Yaseme kwa sauti ile ile uliyoitumia mbele ya ubao, hata kama mtahini ameketi kimya kando yako.