Kupanga kikosi cha Fantasi: dakika kwanza, jina baadaye

Kila Ijumaa ninapopanga kikosi changu cha FPL, ile Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza ambapo unachagua wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, sianzi na nani kafunga wiki iliyopita. Nawaandika wachezaji wangu wote 15 kwenye karatasi kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kwa kila mmoja najiuliza kwanza: huyu atafikisha dakika 60?

Mchezo wenyewe ndio unaotaka hivyo. Anayefikisha dakika 60 ana pointi 2 mkononi, chini ya hapo anapata 1. Beki au kipa aliyetolewa kabla ya dakika hiyo hapati zile pointi 4 za kutoruhusu bao, hata timu yake ikimaliza bila kufungwa.

Ila anayeumiza kuliko wote ni yule anayeingizwa dakika za lala salama. Winga mwenye jina kubwa anaanzia benchi, anaingia dakika ya 85, na tayari anahesabiwa kuwa kacheza. Unapata pointi 1, na yule uliyemweka wa kwanza kwenye akiba yako hawezi kuchukua nafasi yake hata akiwa amefunga mabao mawili. Winga huyo asingekanyaga uwanja kabisa, mwenzake angeingia. Kwa hiyo bora niwe na majeruhi kikosini kuliko mtu wa kuingia dakika tano za mwisho.

Utajuaje nani ataanza? Vikosi vya klabu hutangazwa dirisha la kupanga kikosi chako likishafungwa, maana hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Kinachobaki ni kusoma dalili. Sikiliza makocha wanapozungumza na waandishi Alhamisi na Ijumaa. Angalia nani kacheza dakika zote 90 Ulaya katikati ya wiki, na nani karudi kutoka timu ya taifa Amerika Kusini akiwa na siku mbili tu za kupumzika. Waliowahi kuwategemea mawinga wa Manchester City chini ya Guardiola wanajua kwamba kufunga Jumatano hakukuhakikishii namba Jumamosi.

Baada ya dakika, naangalia kazi ya mchezaji. Nani anapiga penalti? Nani anapiga kona na mipira ya adhabu? Na kwenye Fantasi kaandikwa nafasi gani? Bao la beki ni pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alivuna pointi 344, rekodi ya mchezo huu, kwa mabao 29 na pasi 18 za mabao. Alikuwa mpiga penalti wa Liverpool, anaanza karibu kila mechi, na aliandikwa kiungo ingawa kazi yake ni kufunga. Mtu wa namna hiyo haondoki nafasi ya kwanza kwenye karatasi yangu, na kitambaa cha unahodha, kinachozidisha pointi mara mbili, ni chake, awe anacheza na nani.

Mpinzani namweka wa tatu, na hapa najua wengi hawatakubaliana nami. Ratiba naitumia pale tu wachezaji wawili wanapolingana kwa mengine yote.

Mabeki wa kati nimewapandisha tangu msimu wa 2025/26. Beki akifikisha matukio 10 ya kuokoa, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, anaongezewa pointi 2. Chukua beki wa timu ya katikati ya msimamo, kacheza dakika zote, kafungwa bao moja, kaondosha krosi mchana kutwa: pointi 4. Mshambuliaji aliyecheza dakika 90 bila kufunga wala kutoa pasi ya bao anabaki na 2.

Usipuuze mpangilio wa akiba. Kwenye ligi yetu ya kazini, wanaokaa juu ifikapo Mei ni wale ambao wachezaji wao wa akiba wanaanza kwenye klabu zao. Ukianza na mabeki watatu na mmoja asicheze, ataingia beki tu, hata kama wa kwanza kwenye akiba ni kiungo. Nahodha msaidizi naye awe mtu wa uhakika, kwa sababu nahodha asipocheza, pointi za msaidizi ndizo zinazohesabiwa mara mbili.

Na angalia saa. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 12:30 mchana kwa saa za Uingereza, kwetu dirisha linafungwa saa saba mchana. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza wakirudisha saa nyuma, linakuwa saa nane, hadi mwishoni mwa Machi. Wiki ikianza na mechi ya Ijumaa usiku, panga kikosi Alhamisi, kisha Ijumaa ukague habari za majeruhi tu.