Mgeni Kutoka Ng'ambo Huja na Saa Zake

Wiki iliyopita nilimsindikiza hadi uwanja wa ndege rafiki wa familia yetu, ambaye mimi na ndugu zangu tumemwita Mama Mkubwa tangu tulipojua kusema, nikarudi nyumbani na furaha ambayo sikuwa nayo alipoondoka mara ya kwanza, miaka mitatu iliyopita. Alikaa kwetu siku nne. Yeye na mama yangu wamejuana kwa zaidi ya miaka 40, na kwa sehemu kubwa ya muda huo bahari imekuwa kati yao. Naandika haya kwa sababu najua wengi wenu mnatamani, kama ninavyotamani mimi, kuwa na nyumba ambayo mgeni akiitoka anaitamani tena. Na kwa sababu ziara ile ya kwanza niliiharibu mwenyewe, kwa nia njema kabisa.

Mara ile nilikuwa nimepanga kila saa. Mama Mkubwa alifika jioni, na kesho yake saa 4 asubuhi sebule ilikwisha kujaa jamaa na majirani zaidi ya 20 waliokuja kumwona. Alikaa kitini, akaitikia salamu kwa sauti ndogo, na kabla ya nusu saa kupita akasinzia mbele ya wote. Nilimgusa bega mara mbili kumwamsha. Mara ya pili alinitazama kama mtu asiyejua yuko wapi, nami, badala ya kumwonea huruma, niliona haya kwa ajili ya wageni wengine, na moyoni nikamlaumu kwamba hathamini jitihada zangu. Usiku dada yangu aliniambia, mgeni akisikia, kwamba nilikuwa nimempokea Mama Mkubwa kwa ajili ya kuonekana na watu. Neno lile liliniuma, na sitaficha kwamba bado linaniuma, kwa sababu alilisema mbele ya mgeni ilhali hakuwa ametandika hata shuka moja katika maandalizi yote yale. Hata hivyo lilikuwa neno la kweli.

Jambo ambalo sikulifahamu ni hili: anakoishi Mama Mkubwa wako nyuma yetu kwa saa nane. Saa 4 asubuhi ya sebuleni kwangu, mwilini mwake ilikuwa saa 8 usiku. Sikuwa nimemwalika kwenye mazungumzo. Nilikuwa nimemtoa usingizini na kumkalisha mbele ya watu. Saa ya mwili haibadiliki kwa mtu kuvua saa ya mkononi na kuigeuza. Kwa kawaida hujisogeza kwa takriban saa moja tu kila siku, na kwa watu wengi safari ya kuelekea mashariki, kama ya kwake, ni ngumu zaidi kuliko ya kuelekea magharibi, kwa kuwa humlazimu msafiri kulala kabla mwili wake haujataka. Pigeni hesabu wenyewe: mgeni wa siku nne aliyevuka saa nane huondoka kabla mwili wake haujafika. Jambo hili si uvivu wala deko. Mwaka 2017 Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua namna chembe hai zinavyoutunza mzunguko huu wa mchana na usiku, na tangu nilipolisoma hilo sijamlaumu tena mtu yeyote aliyesinzia baada ya safari ndefu.

Safari hii nilianza kwa kumuuliza. Majuma mawili kabla hajaja nilimpigia simu, nikamuuliza hulala saa ngapi, huamka saa ngapi, na angependa kumwona nani. Alijibu swali la mwisho kwanza: alitaka kumwona mama yangu. Ndipo nilipong'amua kwamba katika ziara ile ya kwanza, pamoja na watu wote niliowakusanya, hawa wawili hawakupata hata saa moja ya kukaa peke yao. Kwa hiyo nilimwomba mama aje kulala kwangu siku zote nne, vyumba vyao vikiwa jirani, na nikakataa maombi ya jamaa kadhaa waliotaka kuja, jambo ambalo baadhi yao hawajanisamehe.

Asubuhi hatukumwamsha. Mwanga ndio unaoirekebisha saa ya mwili, lakini faida yake inategemea wakati unapomfikia mtu. Joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa muda wa saa mbili au tatu kabla ya mtu kuamka kwa kawaida yake. Mwanga unaokuja baada ya hapo huisogeza saa ya mwili mbele, na ule unaotangulia huirudisha nyuma. Mama Mkubwa huamka saa 12 asubuhi kwao, yaani saa 8 mchana kwetu, kwa hiyo siku ya kwanza niliacha mapazia yamefungwa hadi mchana, kisha alasiri tukatoka nje na kutembea polepole, matembezi ambayo yalimfaa pia kwa miguu iliyovimba kwa kukaa kitako ndani ya ndege. Akihitaji kulala mchana, tulimwacha dakika 20 hadi 30, si zaidi. Kahawa hatukumpa jioni, kwa kuwa nusu ya kafeini yake huweza kubaki mwilini hata baada ya saa tano.

Liko pia jambo la umeme, ambalo ni dogo mpaka likukute. Mara ya kwanza mashine yake ya kukaushia nywele iliungua, kwa kuwa ilitengenezwa kwa volti 120 nami nilimpa kiunganishi cha plagi nikidhani kinatosha. Kiunganishi hubadili umbo la plagi tu, hakibadili volti. Someni maandishi madogo kwenye kifaa: kikiwa na 100–240V kitafanya kazi karibu popote, na kisipokuwa nayo, mwazimeni mgeni cha kwenu.

Lakini narudi kwenye jambo kuu, nalo ni kumuuliza mgeni. Nasema hivi kwa sababu siku hizi naona wenyeji wengi wakifanya nilivyofanya mimi: wanampeleka mgeni huku na huku, wanapiga picha, wanahesabu mahali walipofika, na hakuna aliyemuuliza mzee wa watu kama amelala. Rafiki wa miaka mingi hakuvuka bahari ili aje kuburudishwa. Amewakumbuka. Wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wengi huuchukua usemi huo kama namna ya kumchoka mgeni, lakini mimi nimeuona kwa macho yangu kuwa ni namna ya kumfanya wa nyumbani. Siku ya tatu Mama Mkubwa aliomba kazi, nikamwachia nguo za kukunja, na katika kuzikunja alinisimulia mambo ya ujana wa mama yangu ambayo sikuwahi kuyasikia.

Usiku wa pili niliamka saa 8 nikaona taa ya jikoni inawaka. Mwilini mwake ilikuwa saa 12 jioni, wakati ambao watu huketi na kuongea, na mama yangu alikuwa ameamka ili awe naye. Waliketi na vikombe vyao vya maji ya moto, wakizungumza kwa sauti ya chini, na nilisikia jina la baba yangu, ambalo mama hulitaja kwa nadra tangu alipofariki. Nilirudi chumbani bila kubisha. Usiku wa tatu walifanya vivyo hivyo, na wa nne pia, mpaka muda wa kwenda uwanja wa ndege alfajiri.

Asubuhi ile dada yangu alipiga simu kuuliza kama mgeni ameondoka salama. Nilimwambia ameondoka salama. Akaomba kuzungumza na mama, nikamjibu kwamba mama bado amelala, nami sina nia ya kumwamsha.