MUULIZE FUNDI: Probox haioni usiku, nifunge LED?

Fundi salama. Mimi niko Voi, nabeba mboga za Wundanyi napeleka Mombasa na Probox ya 2009, natoka saa nane usiku ili alfajiri niwe sokoni. Taa za mbele zimekuwa dhaifu sana, kutoka Maungu mpaka Mackinnon Road naendesha kwa kubahatisha tu, na ajabu ni kwamba kila lori linalokuja mbele linaniwashia fulu kunilaumu na mimi niko kwa dimu, zile taa za chini! Kijana wa duka la spea anasema anitolee balbu za kawaida anifungie za LED au zenoni, zile kali za gesi, nusu saa kazi imeisha. Sheria inaruhusu? Trafiki hawatanisumbua? – Msomaji, Voi

Ndugu yangu wa Voi, barua yako nimeisoma mara mbili na ile sehemu ya malori ndio imenishtua. Wewe huoni, na wakati huohuo wenzako unawachoma macho. Hayo mawili yakija pamoja jua mwanga upo ila unaenda pasipotakiwa, na ukiongeza balbu kali juu ya hapo utaongeza kuchoma tu, kuona hutaona.

Sababu ya kwanza naiona kwa mboga. Dimu inatakiwa iiname kidogo, kama asilimia 1 hivi, yani ukisimama mita 10 kutoka ukutani ule mstari wa juu wa mwanga uwe umeshuka sentimita 10 chini ya kimo cha taa yenyewe. Sasa Probox kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni kama mita 2 na nusu, ukijaza magunia nyuma ikakaa chini sentimita 5 tu, gari lote limeinuka pua kwa asilimia 2, ile dimu iliyokuwa inaangalia lami sasa inaangalia mbingu. Mtu wa gari ndogo akiwa mita 50 mbele yako inampata usoni kabisa, na wa lori inampata akiwa mbali zaidi. Na lami yako imebaki giza ndio maana unasema taa ni dhaifu.

Gari nyingi za Japani zina kigurudumu kidogo kwenye dashibodi karibu na usukani chenye namba 0 hadi 5, watu wengi wanakaa na gari miaka wasijue ni cha nini. Ni cha hio kazi. Gari tupu weka 0, ukipakia panda namba mpaka mwanga urudi chini. Kizungushe usiku mbele ya ukuta uone kama mwanga unasogea, maana vimota vyake hufa bila mtu kujua. Kama vimekufa mpelekee fundi akurekebishie kwa skrubu za nyuma ya taa, gari ikiwa na mzigo wako wa kila siku, upepo wa matairi uko sawa na wewe umekaa kwenye kiti.

Alafu angalia kioo cha nje. Siku hizi sio kioo ni plastiki, na jua la Taita linaifanya njano na ukungu, na ukungu unatawanya mwanga kila upande. Piga msasa wa maji, anza na namba 800 au 1000 kisha panda hadi 2000 au 3000, kisha polishi, na mwisho lazima upake ile dawa ya kuzuia jua la sivyo baada ya muda mfupi itarudi njano. Dawa ya meno inang'arisha kidogo tu ni ya kupita. Balbu nazo huzeeka, zikiwa nyeusi kwa ndani badilisha zote mbili kwa pamoja na usishike kioo chake kwa vidole, mafuta ya mkono yanaiua. Na mwambie fundi wa umeme apime volti palepale kwenye soketi taa zikiwa zinawaka, kwa sababu waya mzee na atha yenye kutu (ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi) zinakula umeme, na halojeni, yani balbu yako ya kawaida, ikikosa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Asilimia 30! Mtu anaenda kununua taa mpya kumbe shida ni atha.

Sasa sheria. Hapa Kenya ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55. Hicho hakikutajii zenoni wala LED kwa jina, kinasema gari na vifaa vyake vyote, taa zikiwemo, vifuate matakwa ya sheria hio na vitunzwe katika hali ambayo haielekei kuwa hatari kwa watumiaji wengine wa barabara. Kwa hivyo trafiki hahitaji kujua umefunga balbu ya aina gani, akiona unawapofusha watu amepata kesi yake. Na ukibadilisha taa waambie watu wako wa bima kwa maandishi, usingoje ajali ndio mjadiliane.

Kuhusu zenoni kwenye taa yako nasema hapana, na nasema kwa moyo wote. Probox yako inatumia balbu ya H4, yenye waya mbili ndani, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachokinga mwanga usiende juu. Riflekta, lile bakuli linalong'aa, limechorwa kwa kufuata pale waya ulipo kwa kipimo cha milimita. Dimu ya H4 ni kama lumeni 1000, lumeni ndio kipimo cha wingi wa mwanga. Zenoni ni kama lumeni 3200, na inapowaka mahali pengine kidogo tu bakuli linarusha mwanga ovyo. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inataka dimu yenye balbu ya zaidi ya lumeni 2000 iwe na kifaa cha kujishusha yenyewe na cha kuosha taa, sasa wewe hivyo vyote huna. Uingereza gari yenye zenoni ndani ya taa ya halojeni inafeli ukaguzi moja kwa moja.

Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimfungia mteja zenoni kwenye matatu, akafurahi, mimi pia nikafurahi. Usiku nikamwambia aje nayo mbele yangu nione kazi yangu. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara na kati yetu alikuwa anapita mtu na mkokoteni, na sikumwona mpaka gari lilipompita. Kesho yake nilizitoa na pesa nikamrudishia.

LED ina nafuu kidogo lakini sio zile za kuokota. Ujerumani tangu 2020 kuna za kampuni ya Osram zilizoruhusiwa, lakini zimepimwa taa kwa taa na gari kwa gari, kama gari lako haliko kwenye orodha yao huruhusiwi. Ya dukani hapa nani ameipima na taa ya Probox? Wewe nunua H4 nzuri ya 60/55, yani wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, zile zenye mwanga zaidi kwa wati zilezile, zitakufa mapema kidogo lakini zinakaa ndani ya taa vile ilivyochorwa. Za buluu wachana nazo, ile rangi inazuia mwanga.

Fundi, niko Bujumbura, gari yangu ya Japani usukani kulia, dimu inawaumiza watu hata nikiishusha. Nibadilishe balbu? – Msomaji, Bujumbura

Hapana ndugu, balbu haina kosa. Japani wanapita kushoto, kwa hivyo dimu yao imepandishwa upande wa kushoto imulike pembeni ya barabara. Burundi mnapita kulia, ule upande uliopanda unaingia kwa macho ya anayekuja. Dawa ni taa kamili iliyotengenezwa kwa usukani wa kushoto, kama modeli yako ilitoka hivyo. Waingereza wakivuka kwenda Ufaransa wanabandika stika maalumu kwenye kioo cha taa, nayo inasaidia kwa muda. Wasomaji wa Kenya na Tanzania mtego huu unawahusu kinyume chake, taa iliyotoka kwa gari la Dubai imechorwa kwa kupita kulia. Taa ikiwa ya Ulaya ikague kwa mbele, yenye mshale unaoelekea kulia kwako ni ya kupita kushoto, isiyo na mshale ni ya kupita kulia.

Nimeweka balbu za 100/90, sasa soketi imeyeyuka. – Msomaji, Tanga

Hesabu ni hii dada: wati 55 kwa volti 12 ni ampea 4.6, wati 90 ni 7.5, kila upande. Waya za kiwandani hazikupangiwa hivyo, na usithubutu kuweka fyuzi kubwa maana kitakachoungua baada ya hapo ni waya. Rudisha 60/55, badilisha soketi zote mbili, na fundi akuwekee rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, na waya mnene kutoka betri.