Kufuatilia hali ya hewa na mtoto mdogo nyumbani: sisi tulitumia chupa ya maji tu

Kwa mama aliyeuliza kama lazima anunue kipimajoto ndo aanze kufuatilia hali ya hewa na mwanae wa miaka minne, jibu langu ni hapana, tena ningekuwa wewe ningekiacha kabisa kwa sasa. Mi nilinunua. Mtoto wa umri huo ukimwambia 29 au 31 haimwambii kitu, na hapa Dar joto lenyewe halibadiliki sana leo na kesho, kwa hiyo wiki nzima mnaandika namba zilezile, siku ya tano binti yangu alikuwa anampimia homa mdoli wake.

Kilichotubeba sisi ni mvua, kwa sababu maji anayaona yamesimama pale kwenye chupa. Tulianza Machi masika yakiwa yanakaribia, tupo Kimara, yeye ana miaka mitano. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu ila chagua iliyonyooka, zile zenye kiuno achana nazo maana maji yakifika kiunoni kipimo kinaanza kudanganya. Kata pale mabega yanapoanzia, kile kipande cha juu toa kizibo ukigeuze kichwa chini ukipachike kama faneli, zungushia selotepu. Sasa kitako cha chupa kina mabonde na hapo ndo wengi tunakosea, tunapima kutokea chini kabisa. Mi nilimwomba fundi aliyekuwa anajenga kwa jirani saruji kidogo, nikamimina nikasawazisha, na chupa ikapata uzito upepo hauiangushi. Ukikosa saruji weka kokoto na maji mpaka chupa inapoanza kunyooka, piga mstari kwa maka peni, hiyo ndo sifuri yako. Kutoka hapo kwenda juu rula ya shule inatosha, milimita ya kwenye rula ndo milimita ileile ya mvua wanayosoma kwenye taarifa ya habari.

Iweke pa wazi, mbali na ukuta na miti. Sisi mara ya kwanza tuliiweka karibu na ukingo wa bati, ikajaa fasta mtoto akashangilia, kumbe tunapima maji ya paa.

Someni kipimo saa ileile kila siku. Vituo vya hali ya hewa husoma mvua saa tatu asubuhi, sisi tunasoma saa moja kabla gari la shule halijafika, kisha tunamwaga, maana maji yakikaa mnafuga mbu na hapa Dar homa ya dengi tumeiona 2014 na 2019. Halafu siku isiyo na mvua andika 0, usiache wazi. Mwezi wa kwanza kalenda yetu ilikuwa na mapengo kibao na hatukujua ipi ilikuwa siku kavu na ipi tulisahau.

Sasa sifuri nazo zina mambo yake. Mvua zilivyokatika ikawa sifuri, sifuri, sifuri, mtoto amenuna. Asubuhi moja naitwa, "Baba njoo, nane nne!" Natoka, uwanja mkavu, kuku wanaoga vumbi, ila kuzunguka chupa kuna kiduara cha tope na kikombe chake cha uji kipo pembeni kimelowa. Sikumgombeza aisee, nikamwuliza tu hii mvua imenyesha wapi? Akaangalia bati, akaangalia ndoo ya kukingia maji ambayo ilikuwa tupu, akasema, "Imenyesha kwenye chupa tu." Tukaiandika hivyohivyo, 84, mvua ya kwenye chupa.

Usiku tunaangalia utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania), wakisema mvua katika baadhi ya maeneo ananigeukia, "Baba, baadhi ya maeneo ni sisi?" Nikaona bora apate na eneo lingine, kwa hiyo Jumapili anampigia bibi yake Njombe, anamsalimia kisha anauliza huko leo kuna nini, jibu linaingia kwenye kalenda kwa peni nyekundu. Mei sisi bado tunalowa, bibi anasema kwao mvua zimeshaisha, maana zao ni za kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, hawana vuli na masika kama sisi. Juni bibi anaongelea baridi na umande ulioganda kwenye majani, huku sisi tunalala na feni.

Upepo funga tu kipande cha khanga kuukuu kwenye mti. Juni chetu kilikuwa kinapepea kuelekea kaskazini, akasema huo ni upepo wa kaskazi, ikabidi nimweleze kwamba upepo unaitwa kwa jina la kule unakotoka, huo ni kusi. Alibisha siku mbili.

Na kama mpo Dar msikose Oktoba tarehe 9 au 10. Simamisha fimbo wima uani mida ya saa sita na dakika kumi mchana, jua linakuwa utosini kabisa na kivuli cha fimbo kinapotea (mara ya pili kwa mwaka ni mwanzoni mwa Machi). Wa kwangu aliizunguka ile fimbo, akainama, mwisho akaing'oa aangalie kama kivuli kimeingia kwenye shimo.