Kiolezo kimoja, au kila mtu na chake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni katibu muhtasi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Mkuu wetu ameagiza barua na ripoti zote ziandikwe kwa kiolezo kimoja cha Word, yaani faili la mfano lenye mpangilio uliokwisha kuandaliwa, nao wenzangu wanalalamika kwamba wamefungwa mikono. Je, tulegeze?

JIBU: Ndugu msomaji, legezeni, ila si kila mahali. Nembo, anwani, namba ya kumbukumbu na ukubwa wa karatasi visibadilishwe na yeyote, kwani barua iendayo kwa mteja husema kwa niaba ya ofisi nzima. Karatasi hasa iangalieni, maana kiolezo kilichotengenezwa Marekani mara nyingi hutumia vipimo vya Letter, milimita 216 kwa 279, ilhali printa zenu, bila shaka, hupakiwa A4 ya 210 kwa 297. Kihifadhini katika muundo wa dotx, uliokuja na Word 2007. Mtu akikibofya mara mbili hufunguka waraka mpya, na faili mama hubaki salama.

Majedwali ya ripoti za ndani waachieni wenyewe, kwa kuwa anayeorodhesha robota za mkonge anajua safu anazozihitaji kuliko aliyebuni kiolezo. Wasiposikilizwa, watanakili barua ya zamani na kubadilisha jina tu, na siku moja (nimeyaona haya) jina la mteja wa jana litabaki humo. Mkuu amteue mtu mmoja wa kupokea maombi ya marekebisho.