Barua kwa mwanangu: macho ya babu na macho ya mama yako mdogo

Mwanangu,

Nimepata ujumbe wako na ile picha. Umeniuliza, "Mama, macho yangu siku hizi yanaonekana yametokeza. Ni ya ukoo wa babu, au niende kwa daktari?" La babu ni jepesi. Babu yako alizaliwa na macho makubwa. Picha zake zote, tangu ujana hadi uzee, macho ni yale yale. Macho ya kurithi hayamjii mtu akiwa na miaka 32. Lakini tangu nifungue picha yako nimekuwa nikimfikiria mama yako mdogo, wala si babu.

Unakumbuka alivyokonda wakati ule. Ulikuwa mdogo, ukimshangaa anavyofungua madirisha wakati sisi sote tumejifunika. Alikula kutushinda wote na bado nguo zilimpwaya. Mikono ilimtetemeka. Tukasema ni mawazo ya ndoa, maana ndoa yake ilikuwa na mitihani. Macho yakaanza kumtoka, taratibu. Siku zile alipokuja kwetu nililala naye chumba kimoja, na usiku mmoja nikamwona kama ananitazama. Nikamwita, kimya. Nikawasha taa: amelala fofofo, kope hazijakutana, na katikati yake umebaki mstari mweupe wa jicho, unang'aa. Nikazima taa, nikalala.

Kisha ikaja siku ya wageni. Alikuwa anamimina chai, na chai ikaenda pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi mapajani mwa mgeni. Nikamwambia mbele ya watu, "Badala ya kunikodolea macho, angalia unachofanya!" Akaweka birika chini, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, naona vikombe viwili. Sijui kipi ndicho." Hajanikumbusha siku hiyo hata mara moja, na ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Jicho halingojewi, mwanangu.

Kesho yake nilimpeleka kwa daktari wa macho. Kwanza aliomba picha ya zamani, akailinganisha na uso uliokuwa mbele yake. Kisha akampima kwa kifaa kinachoegemea mifupa ya pembeni mwa macho, kinachoonyesha kwa milimita jicho limechomoza kiasi gani. Jicho moja likilizidi mwenzake kwa zaidi ya milimita 2, alisema, si la kupuuza. Akamfunika jicho moja, halafu la pili, akimwonyesha kitu chekundu, aone kama wekundu umefifia upande wowote, kwa sababu mshipa wa fahamu wa jicho ukibanwa rangi hufifia. Halafu akamshika shingo. Kumbe mambo yalikuwa kwenye tezi ya shingo, thairoidi. Kinga ya mwili huigeukia tezi hiyo na kuifanya ifanye kazi kupita kiasi, na kinga hiyo hiyo huvimbisha misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Tundu la mfupa halitanuki, kwa hiyo jicho halina pa kwenda ila mbele. Akautaja ugonjwa wa Graves, kwa jina la tabibu wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835. Tangu 1835! Na mimi nimeuona ule mstari mweupe, nikazima taa.

Huwa najiambia: ungejuaje, hukusomea. Kisha najijibu: kuona, uliona. Alitibiwa, tezi ikatulia, na macho yakarudi nyuma, ila hayakurudi kama yalivyokuwa mwanzo.

Sitaki kukutia hofu. Kaka yako alipopata chokea tulimkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kikaisha chenyewe. Macho yote mawili yakiwasha na kuvimba baada ya vumbi, mara nyingi ni mzio. Ukiamka kope zimevimba na miguu nayo imevimba, hapo upimwe mkojo, maana huenda ni figo. Lakini jicho moja likitokeza ghafla, au uvimbe ukaja na homa, maumivu makali, jicho kushindwa kugeuka, kuona vitu viwili viwili, au nuru kupungua, usingoje miadi. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Maambukizi nyuma ya jicho yanaweza kuliua jicho na kufika kwenye ubongo.

Wewe hayo hujaniandikia. Umesema macho yanakauka, na asubuhi ni kama yana mchanga. Nilitaka sana kukuandikia ninavyoona mimi. Naona weupe juu ya mboni ambao kwenye picha ya harusi yako haupo. Basi, niishie hapo. Picha hudanganya, simu ikiwa karibu hubadili uso, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Neno la mwisho ni la daktari wa macho na kipimo cha damu cha thairoidi. Ila usijipoze kwamba ni ya ukoo tu: maradhi ya tezi nayo hutembea kwenye koo, na mama yako mdogo ni damu yako kama babu. Na sigara uiache, mwanangu, nimejua siku nyingi. Mwenye ugonjwa huu akivuta, macho huharibika zaidi na dawa humsaidia kidogo.

Nenda wiki hii, na uchukue ile picha ya harusi. Jicho halingojewi. Na usiku wa leo mwambie mumeo asilale kabla yako. Ukishasinzia, awashe taa aangalie kama kope zako zimefumba. Akiona mstari mweupe, asizime taa akalala. Anipigie, hata kama ni saa nane usiku.

Mama yako