Akili inarudi, ila haina haraka

Mimi nauza spea za magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na zamani sifa yangu ilikuwa kichwa. Ukitaja beringi ya Corolla nakwambia iko rafu ipi, bei ya jumla, rejareja, na nani anadaiwa, daftari la nini. Halafu pombe. Nilianza na viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nikahamia vichupa, na miaka ya mwisho nilikuwa nakunywa asubuhi ili mikono iache kutetemeka.

Nilichokuja kushtukia ni mteja wangu wa siku nyingi kufuata mzigo aliokwisha lipia, mimi nikamkatalia katakata, nikaapa mpaka kwa jina la marehemu mama, kumbe risiti anayo na mwandiko ni wangu.

Sasa kosa langu, niliacha ghafla, nyumbani, kibabe. Siku ya pili nikaanguka degedege, shangazi akasema nimerogwa. Ndugu yangu kama unakunywa kila siku na ukikosa unatetemeka na jasho linakutoka, anzia hospitali, maana arosto ya pombe inaua kweli.

Huko hospitali nilikopelekwa ndo nikasikia habari ya vitamini B1. Mlevi hali vizuri, na hata kile kidogo anachokula pombe inauzuia utumbo kunyonya hiyo vitamini, na ubongo bila B1 unashindwa kutumia sukari. Ndo maana nilichomwa sindano ya B1 kwanza, dripu ya glukosi ikafuata. Na hapa naomba usome taratibu: ukimwona mnywaji amechanganyikiwa, anayumba hata siku hajanywa, au anaona vitu viwili viwili, mkimbize siku hiyohiyo, usiseme ngoja pombe zimtoke. Akicheleweshwa anaweza kubaki hashiki jambo jipya, anaziba mapengo kwa stori za kutunga wala hajui kama anatunga.

Mimi niliponea hapo. Ila mwezi wa kwanza bila pombe kichwa kilikuwa kizito kuliko nilivyokuwa nakunywa, usingizi hakuna, chenji ya elfu kumi inanitoa jasho, na kuna sauti inakwambia si bora ungeendelea tu. Wengi wanarudi chupani hapo. Usijipime wiki ya tatu. Kwangu miezi mitatu ndo ukungu ukaanza kupungua, na bado karibu mwaka mzima naona mabadiliko. Bei za zamani zilitangulia kurudi, majina ya wateja wapya bado yananiponyoka, kwa hiyo naandika, tena mbele ya mteja, aibu nilishamaliza kwenye ile risiti.

Kilichonisaidia kwa siku ni vidonge vya B1 nilivyoandikiwa, dona badala ya sembe, maharage, karanga, kutembea kwa miguu jioni ule muda nilikuwa nakaa kaunta, na kulala saa ileile. Bao pia, ingawa mwanzoni watoto walikuwa wananifunga mpaka wananionea huruma.

Ile siku aliyolipa yule mteja mpaka leo siikumbuki. Daktari kaniambia nisihangaike, ukizima kwa pombe ubongo unakuwa haurekodi, kwa hiyo hakuna cha kurudi. Mteja mwenyewe bado anachukua mzigo kwetu, ila siku hizi analipa kwa simu.